Kibaha inafaa kwa nyumba ya kwanza, ila hesabu ianze kwenye nauli

Mpwa wangu amepanga Tabata, chumba na sebule, na kila baada ya miezi sita mwenye nyumba humkumbusha kodi kwa ujumbe mfupi usio na salamu. Safari iliyopita hakuja kwangu kukopa. Alikuja na picha kwenye simu: kichaka, mwembe mmoja, bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja) imechomoza kwenye nyasi, na kidole cha dalali kimeziba kona ya picha.

"Mjomba, hapa ni Visiga, kule Kibaha. Ninunue, au nisubiri nipate kitu ndani ya Dar?"

Swali hili nimeulizwa na watu wengi, na kila nikilijibu najikuta nabishana na pande mbili. Wapo wanaoiona Kibaha kama adhabu, mahali anapokwenda aliyeshindwa na mji. Na wapo madalali, ambao kwao kila kiwanja kiko dakika tano kutoka lami, maji yapo, umeme upo, majirani ni wastaarabu. Mimi nasema Kibaha inamfaa anayetafuta nyumba ya kwanza, na kwa mwenye mshahara wa kawaida inamfaa kuliko maeneo mengi ya Dar yanayokimbiliwa kwa ajili ya jina. Ila sababu yangu si kwamba viwanja ni rahisi. Sababu ni kwamba Kibaha inamruhusu mtu kusimama katikati ya ujenzi bila kupoteza alichokwisha kukiweka chini.

Tuanze na watu, maana wengi wametangulia kulijibu swali la mpwa wangu. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728, ongezeko la kama asilimia 23. Katika miaka hiyohiyo kumi, Mkoa wa Pwani, ambamo Kibaha imo, ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Hiyo ni zaidi ya asilimia 80. Pwani si Kibaha peke yake, najua; kuna Mkuranga, Bagamoyo na Kisarawe, na wote hao wanapakana na Dar. Wala si kila aliyeongezeka katoka Dar. Lakini mikoa inayolizunguka jiji haijai kwa kasi hiyo kwa sababu ya mihogo na nanasi. Simama Mbezi Luis jioni uangalie daladala zinazoelekea magharibi, utaona abiria wamebeba mikoba ya ofisini, mafurushi ya Kariakoo, na hapa na pale mtu kashika kitasa kipya cha mlango kwenye mfuko wa plastiki. Huyo wa kitasa ndiye ninayemwandikia.

Huyo hajengi kwa mkopo wa benki. Ripoti za Benki Kuu kuhusu mikopo ya nyumba zimekuwa zikionyesha riba ya kati ya asilimia 15 na 19, na wenye mikopo hiyo nchi nzima ni maelfu machache tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 61. Kampuni ya TMRC iliundwa mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, na muda wa marejesho kweli umerefuka. Riba ndiyo haijashuka kiasi cha kumgusa mwalimu au nesi. Piga hesabu: milioni 60 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 20 ni marejesho ya karibu shilingi 880,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa zaidi ya milioni 211. Ukikosa miezi mitatu, benki haiangalii kwamba mzee kijijini alilazwa.

Sasa tazama tunavyojenga kwa kweli. Mwaka wa kwanza kiwanja. Mwaka wa pili tofali. Unafyatua hapohapo saiti, unazipanga chini ya mwembe, unamlipa kijana wa jirani azimwagilie maji asubuhi na jioni. Likizo ya mwaka wa tatu unachimba msingi na kumwaga jamvi la zege. Unasimama. Mtoto anaanza shule, fedha zinaelekea huko, msingi unaota majani, lakini haudai. Ikitokea posho ya safari, ukuta unapanda hadi renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Unasimama tena. Kuezeka ndiko kunakotisha, kwa sababu kenchi (mbao za kubeba paa) na bati hazikubali kugawanywa vipandevipande kama tofali. Hapo ndipo wengi hukimbilia SACCOS au mchezo wa kazini. Kisha unahamia bila dari, madirisha ya mbele yana grili na ya nyuma yamezibwa kwa tofali zilizopangwa bila udongo, choo kinafanya kazi, jiko liko nje. Siku unayolala humo kwa mara ya kwanza, kodi ya Tabata imekufa.

Wachumi hawaupendi mtindo huu. Wanasema fedha inalala kwenye pagale, nyumba isiyokwisha, kwa miaka, saruji inapanda bei, nondo zinaibwa, na ukuta usioezekwa unanyeshewa misimu minne. Yote ni kweli. Lakini pagale lina jambo moja ambalo mkopo hauna: linajua kusubiri. Kwa mtu ambaye mshahara wake una wategemezi sita, nyumba inayojua kusubiri ndiyo pekee atakayoimaliza.

Na hapa ndipo eneo linapoamua. Ukinunua kiwanja Goba au Mbezi Beach kwa akiba yako yote, umemaliza fedha kabla hujanunua hata ndoo ya mchanga. Unabaki na kiwanja kilichozungushiwa michongoma, na kodi ya Tabata inaendelea. Wengine hukimbilia sehemu za Dar zilizo rahisi, na urahisi wa Dar una sababu yake: bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande, na bado kila masika tunaona picha zilezile za magodoro juu ya paa. Kwa fedha aliyo nayo mpwa wangu, Visiga anapata kiwanja na anabakiwa na ya msingi. Hilo "anabakiwa" ndilo ninalolipigania. Kiwanja cha kwanza kisimmalize mtu.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa, ya kumjengea mwananchi nyumba iliyokamilika. Kigamboni kuna mradi wa Dege, maghorofa ya maelfu ya nyumba yaliyoanzishwa kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, ukasimama mwaka 2016. Na mfuko huo nao ulibaki na pagale. Tofauti ni kwamba pagale lao haliwezi kuhamiwa chumba kimoja kimoja.

Haya, nauli.

Mtu akiniambia kiwanja cha Kibaha ni rahisi, namuuliza anafanya kazi wapi. Bei ya kiwanja unailipa mara moja. Nauli unailipa kila siku hadi ustaafu, na kama unataka kujua gharama halisi ya nyumba ya nje ya mji, nauli ndiyo marejesho yako ya mwezi. Tuseme mtu anatumia shilingi 4,000 kwenda na kurudi, daladala hadi Kimara kisha basi la mwendokasi hadi mjini, na bodaboda kutoka lami hadi nyumbani pale mvua inaponyesha. Kwa siku 24 za kazi hiyo ni 96,000. Kama mke naye anashuka mjini, ni 192,000. Linganisha na kodi aliyokuwa analipa Tabata. Ikiwa kodi ilikuwa 250,000, amepata nafuu ya 58,000 tu kwa mwezi, si ile 250,000 anayojitangazia. Ikiwa ni mmoja tu anayeshuka mjini, nafuu ni kubwa na inatosha kununua mifuko kadhaa ya saruji kila mwezi. Kwa hiyo familia ambayo mmoja wao ana kazi au biashara hukohuko Kibaha ndiyo inayofaidi hasa. Wanandoa wawili wenye ofisi Posta, katikati ya jiji, wajifikirie mara mbili.

Halafu muda. Katikati ya Dar hadi Kibaha ni kama kilomita 40. Mwendokasi ulioanza Mei 2016 unachukua karibu nusu ya safari hiyo, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa jipu: barabara ya njia mbili iliyobeba malori yote ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi pamoja na mabasi ya mikoani na sisi. Upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha kuwa njia nane ndio ulioigeuza ramani ya makazi ya upande huu kuliko kiwanja chochote kilichopimwa. Aliyekuwa akilala kwenye foleni ya Mbezi anakumbuka. Lakini njia nane hazijamaliza kazi, kwa sababu zinamwaga abiria Kimara, na Kimara alfajiri watu hawapangi foleni, wanashindana mabega. Mtu wa Kibaha anayefanya kazi Posta na kutaka kukaa kwenye kiti anaamka saa kumi usiku. Akitumia saa nne kwa siku barabarani, kwa siku 24 hizo ni saa 96. Ni siku nne kamili za kila mwezi anazoishi ndani ya gari.

Ndiyo maana napinga habari ya kuipima Kibaha kwa umbali wa Posta, kana kwamba Dar nzima inafanya kazi mtaa wa Samora. Mtu wa Chuo Kikuu pale Mlimani, mtu wa Ubungo, mwenye duka Mbezi, wakala wa tiketi kwenye stendi ya Magufuli iliyofunguliwa 2021, muuguzi wa Mloganzila, hao Kibaha kwao ni karibu kuliko ilivyo kwa mtu wa Posta. Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Bandari kavu ya Kwala, ndani ya Wilaya ya Kibaha, ilizinduliwa rasmi Julai 2025, na pembeni yake kuna eneo la viwanda. Fundi umeme au karani wa mizigo anayepata kazi kule anapanda gari asubuhi lenye viti vitupu, wakati wenzake wanagombania milango kuelekea Kimara. Kama ningekuwa na miaka 25 leo, ningeuliza kwanza kazi za upande wa Pwani, kisha ndiyo niulize kiwanja.

Dalali wa mpwa wangu, bila shaka, alimtajia treni. Kila dalali siku hizi anataja treni. Treni ya umeme ilianza safari za Dar na Morogoro Juni 2024, na kwa shilingi 13,000 za daraja la kawaida watu wameanza kusema Morogoro ni kitongoji cha Dar. Pigeni hesabu: 26,000 kwenda na kurudi mara siku 24 ni 624,000. Kwa mtu anayekwenda Dar mara moja kwa wiki, Morogoro inawezekana na ina milima na mboga. Kwa anayekwenda kila siku, hiyo ni kodi ya Mikocheni. Na kwa Kibaha yenyewe, reli hiyo haipiti mjini Kibaha. Imepita kusini, kupitia Pugu, Soga na Ruvu. Soga iko kwenye Wilaya ya Kibaha, sawa, na nauli yake ilipopangwa 2024 ilikuwa shilingi 4,000, lakini aliyenunua kiwanja Kwa Mathias akifikiri atapanda treni ya umeme amenunua hadithi. Soga inaweza kuja kuwa mji wa wafanyakazi siku ratiba itakapopangwa kwa ajili ya mtu anayeingia kazini saa mbili asubuhi. Dar imewahi kufanya hivyo kwa vyuma chakavu: treni ya Mwakyembe, iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo na kuanza Oktoba 2012 kati ya Stesheni na Ubungo, ilikuwa na mabehewa ya zamani na ilijaa kila asubuhi. Hadi ratiba hiyo ije, treni isiingizwe kwenye bei ya kiwanja.

Maji nitayapitia haraka, kwa sababu hapa Kibaha ina bahati ambayo wengi hawaijui. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi. Ulipanuliwa kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku, na bomba kuu lake linafuata barabara ya Morogoro kushuka Kibaha, Kibamba hadi Kimara. Yaani sehemu ya maji ya Dar inapita Kibaha kwanza. Bado ukame wa 2022 uliposhusha mto Ruvu, wote tulibeba madumu, na aliyejenga kilomita tatu ndani ya pori hanufaiki na bomba lililoko barabarani. Chimba tangi la chini mapema, kabla ya kupaka rangi. Umeme nao una umbali wake: ada ya kuunganishiwa mjini tangu Januari 2022 ilikuwa shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Ikihitajika nguzo moja tu, ada inapita nusu milioni. Nguzo tatu au nne zinaweza kula bei yote uliyodhani umeiokoa kwa kununua ndani zaidi.

Sasa jambo ninaloliogopa kuliko nauli: umiliki.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na sisi tunapewa haki ya kuitumia, kwa hati ya muda usiozidi miaka 99. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi, namba 4 ya 1999. Lakini sehemu kubwa ya viwanja vinavyouzwa pembezoni mwa Kibaha havijafika kwenye hati. Ni shamba la mtu lililokatwakatwa. Vinapimwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, na hatua za mtu mrefu si hatua za mtu mfupi. Mnaandikishana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wanasaini, unaombwa ile asilimia 10 ambayo ofisi nyingi za mitaa zimezoea kuiomba, unapewa karatasi yenye muhuri wa zambarau, na unarudi nyumbani ukijiita mwenye nyumba. Karatasi ile inathibitisha kwamba uliuziwa. Haithibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa na cha kuuza.

Nilikaribia kuliwa hivyo mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, upande wa Pangani ya hukuhuku Kibaha. Kiwanja kizuri, mteremko mdogo, mzee mpole mwenye kofia. Nikauliza kama mama wa nyumba anajua. Mzee akacheka, akasema mambo ya ardhi ni ya wanaume. Nikarudi kesho yake bila dalali, nikamkuta mama, na mama hakuwa na habari yoyote. Watoto wake wawili walikuwa na msingi wao mita 50 kutoka tuliposimama, kwenye ardhi ileile. Tangu siku hiyo sinunui kitu bila kuona saini ya mwenza wa muuzaji, na watoto wakubwa wakiwepo, nataka nao wawe mashahidi. Si adabu za Kizungu hizi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimwambia anunue kidogo kilichopimwa kuliko kikubwa kisichopimwa. Aende ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja na kitalu, aulize mchoro wa mipango miji unasema eneo lile ni la nini. Makazi? Shule? Barabara? Makaburi ya baadaye? Kama kuna hati, afanye upekuzi wa hati kwa msajili ajue jina lililoandikwa na kama kuna benki imeishikilia. Alipe mpima wake mwenyewe azifuate bikoni. Gharama hizi zinauma kwa sababu huzioni ukutani, na ndiyo maana watu huziruka.

Na akae mbali na barabara kuu. Hili nalisema kwa watu wa barabara ya Morogoro kuliko wengine wote. Mwaka 2017 mamia ya nyumba kutoka Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo upande ule ilihesabiwa mita 121 kutoka katikati ya barabara. Ndani ya mita hizo kulikuwa na nyumba za ghorofa, makanisa, misikiti, vituo vya mafuta. Kulikuwa na watu walioishi pale miaka 30. Barabara tunayoifurahia leo ilipita juu ya vyumba vya kulala vya watu, na mipango ya barabara ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze na Morogoro bado iko mezani. "Karibu na lami" ni sifa kwa anayefungua duka. Kwa nyumba ya kwanza, mita 600 za vumbi zina usalama wake.

Kuna watu wanaosema Kibaha ni mji wa kulala tu. Hao hawaijui. Kabla haijawa mahali pa wapangaji waliochoka na Dar, ilikuwa na Shirika la Elimu, lililozaliwa kwenye mkataba wa 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordic na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Shule ya Sekondari Kibaha, hospitali ya Tumbi ambayo leo ni ya rufaa ya mkoa, vyuo, yote hayo yalikuwepo kabla ya wimbi letu. Ni makao makuu ya mkoa, na makao makuu yana mahakama, benki na ofisi za kulipa wafanyakazi wanaonunua mboga hapohapo. Aliyejenga Kibaha anaumwa Kibaha, anazaa Kibaha, anasomesha Kibaha. Ulinganishe na mitaa mipya ya pembezoni mwa Dar ambako ukiugua usiku unaanza kutafuta bajaji ya kukupeleka mjini.

Swali la "ninunue sasa au nisubiri" lina jibu lake Kenya. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilizinduliwa Novemba 2012, kilomita kama 50, na mji wa Ruiru ulioko kando yake ulitoka watu 238,858 kwenye sensa ya 2009 hadi 490,120 mwaka 2019. Mashamba ya kahawa yakawa maghorofa ya kupangisha. Walionunua kabla ya lami kumalizika wana nyumba. Waliosubiri lami ndipo wanunue wakageuka wapangaji wa wale wa kwanza. Kibaha haitafanana na Ruiru kila kitu, kwa sababu sisi hatuna haraka ya maghorofa na ardhi yetu bado ni pana. Ila bei za Maili Moja, pale Kibaha mjini, hazikunisubiri mimi, na za Visiga hazitamsubiri mpwa wangu.

Neno kwa walio nje, maana nao wananunua huku kwa nguvu. Jamaa yangu wa Muscat alituma fedha za kuezeka, akatumiwa picha ya nyumba iliyoezekwa. Aliporudi likizo akagundua bati zile ni za jirani. Kama uko mbali, anayesimamia saiti asiwe anayepokea fedha, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu. Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, muulize mwanasheria kabla ya kununua, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Mpwa wangu alisikiliza yote haya kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Nikampa sharti moja kabla hajatoa hata shilingi: aende Visiga Jumapili jioni, alale kwa rafiki au gesti, na Jumatatu aende kazini kutoka huko, hata kama mvua inanyesha, akiwa na viatu vya ofisini. Alikasirika kidogo. Akaenda.

Jumatatu alinipigia, nyuma yake nikisikia honi na kondakta akiita Posta, Posta.

"Mjomba, nimeshuka Kimara saa moja kasoro. Nimesimama njia nzima."

"Na sasa?"

"Sasa niko kwenye mwendokasi, nimesimama tena."

"Kwa hiyo?"

Akanyamaza kidogo. "Mpima wako anachukua shilingi ngapi?"